Sevisi ya pikipiki: ipi tuifanye wenyewe, ipi tumpelekee wakala

Hotuba kwa waendesha bodaboda na wamiliki wa pikipiki, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vijiwe, wamiliki wa vyombo mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii, mafundi wenzangu, na ninyi waendesha bodaboda ambao mkikaa hapa nusu saa abiria wenu anachukuliwa na mwingine, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nijibu swali linalozusha ubishi katika vijiwe vyetu kuanzia Msamvu hadi Bigwa, nalo ni hili: sevisi ya kawaida ya pikipiki tuifanye kwa mikono yetu, au tumlipe wakala aliyetuuzia?

Mimi niliendesha bodaboda kwa miaka minne, kisha nikafanya kazi ya ufundi katika gereji ya wakala kwa miaka sita, na sasa nina kibanda changu cha ufundi. Nimewahi kuwa mteja anayesubiri kwenye benchi, na nimewahi kuwa fundi anayesubiriwa. Jibu langu naliweka wazi tangu mwanzo, ili anayewahi abiria aondoke nalo. Kazi zinazorudi kila wiki na kila mwezi, yaani oili, cheni, chujio la hewa, plagi, nyaya, breki za ngoma na upepo wa matairi, ni za yule anayeendesha. Kazi zinazorudi mara chache na kudai vifaa maalumu, pamoja na sevisi zote zilizo ndani ya muda wa waranti, ni za wakala au za fundi aliyesomea. Nitakayoyasema baada ya hapo ni kueleza kwa nini mpaka nimeuweka hapo.

Iko habari ya zamani kidogo ambayo kila mwenye pikipiki ya Kichina katika ukumbi huu anastahili kuijua. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Wakati huo Honda tayari walikuwa na injini ya ukubwa huo huo yenye kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu ya silinda, inayozungushwa na cheni ya taimingi, nayo ilikuwa injini nzuri. Lakini ilipofika katika nchi za joto, vumbi na mizigo mizito ilisumbua mapema, kwa sababu waliokuwa wakiitumia waliipakia kupita kiasi na hawakubadilisha oili kwa wakati. Wahandisi waliotumwa kuwatazama wateja hao walirudi na uamuzi wa kubuni injini nyingine. Kamshafti ikashushwa chini, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fito za chuma, ili injini istahimili uzembe kwa muda mrefu zaidi. Injini hiyo ndiyo mama wa injini nyingi za Kichina ambazo sisi tulijifunzia kazi hii.

Naomba mtafakari maana yake. Injini iliyotulisha ilichorwa na watu walioamini kwamba mwenye chombo hatakitunza. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka, na huniuma zaidi kwa kuwa ninapofungua injini nyingi kibandani kwangu ninakuta hawakukosea. Tena hali ya leo ni ngumu kuliko ya wakati ule. Pikipiki za Boxer na TVS zilizojaa barabarani kwetu zina kamshafti juu ya silinda, kwa hiyo oili sharti ipande hadi huko kwa kila mzunguko. Ikiwa imepungua au imekuwa nzito kama lami, mahali pa kwanza pa kukosa ni kule juu, ambako macho hayafiki na sikio huchelewa kusikia.

Sasa niseme haki ya wakala, kwa maana wapo waliokuja leo wakitumaini nitamtukana, na sitafanya hivyo. Wakala ana vitu ambavyo mimi na wewe hatuna. Ana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ana vifaa vya kuvutia sumaku na kufungua klachi bila kuipiga nyundo, ana kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa, na spea anazoweka zimetoka kwa aliyetengeneza pikipiki. Sevisi za mwanzo, ambazo kwa pikipiki nyingi mpya huanza baina ya kilomita 500 na 750, mara nyingi gharama yake ya ufundi imekwisha kuingizwa katika bei uliyolipa, na wewe hulipia oili na vifaa tu. Katika sevisi ile ya kwanza oili hutoka na unga wa chuma, kwa sababu pistoni, ringi na gia ndiyo kwanza zinazoeana, na fundi mzuri huutazama unga ule na kujua kama kuna jambo lisilo la kawaida. Anayeacha kwenda sevisi hizo kwa kukwepa foleni amekwisha kulipia kitu na kukiacha dukani. Waranti nayo ina masharti: muhuri ukikosekana katika kitabu, siku gia imevunjika ndani ya muda wake utakuwa na madai ambayo huwezi kuyathibitisha. Kwa hiyo wenye pikipiki mpya, hadi waranti iishe nendeni kwa wakala kwa kilomita zilizoandikwa, na katikati ya safari hizo kazi ya cheni na upepo iendelee kuwa yenu.

Lakini nilikuwa ndani ya gereji, na yale niliyoyaona nitayasema. Siku za Jumamosi pikipiki zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Fundi mwenye pikipiki nane zinazomsubiri huanza kuacha kazi isiyoonekana. Oili ilibadilishwa, chombo kikaoshwa kikang'aa, na kitabu kikagongwa muhuri. Valvu, ambazo kitabu kilitaka zipimwe injini ikiwa baridi, hazikupimwa, kwa sababu injini iliyofika ikiwa inachemka huhitaji saa kadhaa kupoa na mteja alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Muhuri uligongwa hata hivyo. Mihuri ya namna hiyo nimeigonga kwa mkono wangu, na watu waliondoka wakiamini kuwa kazi imefanyika. Ndiyo maana ninapowaambia kuwa fedha uliyolipa si uthibitisho wa kazi iliyofanywa, sisemi kwa kubahatisha.

Tuje kwenye hesabu, nami nitaifanya kwa siku badala ya shilingi, kwa kuwa bei za oili hubadilika na kila mmoja ana duka lake. Chukueni dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 30,000. Mimi, kwa pikipiki inayopakia abiria kutwa nzima kwenye vumbi na milima, hubadilisha oili kila kilomita 2,000 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kikimwaza mtu anayepanda Kinole na magunia mawili ya ndizi nyuma. Kwa mwendo huo oili itabadilishwa mara 15 kwa mwaka. Ikiwa kila mara unapoteza nusu siku gerejini, kwa foleni na kusubiri, basi umepoteza siku saba na nusu za kazi, na hesabu ya bosi, yaani fedha unayompelekea mwenye pikipiki, kwa siku hizo inaendelea kukudai. Kazi hiyo hiyo nyumbani, jioni, baada ya kujifunza, haizidi dakika 30. Gharama ya ufundi unayoiokoa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Siku zile saba na nusu ndizo zinazomfanya dereva aahirishe sevisi, na kuahirisha ndiko kunakoua injini.

Nije kwenye oili yenyewe, ambayo nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa ndiko ninakoona makosa mengi yanafanywa kwa nia njema.

Katika pikipiki zetu oili moja hufanya kazi tatu: inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi imezama ndani yake. Gari la kawaida haliko hivyo. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo, na dawa hizo zikifika kwenye sahani za klachi zinazifanya ziteleze. Dereva huona pikipiki inalia bila kuvuta, hasa mlimani, akaambiwa klachi imekwisha, akanunua sahani mpya na kuzizamisha katika oili ile ile. Tangu mwaka 1998 Wajapani wana kiwango maalumu cha oili za pikipiki kiitwacho JASO, na herufi unazozitafuta mgongoni mwa chupa ni MA au MA2. Kwa joto letu na injini zetu oili ya unene wa 20W-50 ndiyo inayotajwa katika vitabu vya pikipiki nyingi za kazi, lakini fuata kitabu cha modeli yako. Nunua chupa iliyofungwa, uikague lakiri kabla hujalipa. Oili ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa kwa kopo, sitamshauri mtu yeyote aiweke, kwa sababu hata muuzaji mwenyewe hana njia ya kukuhakikishia ilikotoka.

Washa injini dakika tatu hadi tano ili oili iwe nyepesi na uchafu uelee, kisha izime, isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa, weka beseni, fungua kifuniko cha juu, ndipo ufungue bolti ya chini. Baadhi ya injini za mfano wa CG bolti hiyo ni kifuniko kikubwa kinachoshika springi na kichujio cha wavu. Vikidondoka ndani ya beseni bila wewe kujua, vitatupwa pamoja na oili chafu, na injini itaendelea kufanya kazi bila kichujio hadi siku itakaposimama. Vioshe kwa mafuta ya taa, vikague, virudishe kwa mpangilio ulivyovikuta. Acha oili idondoke hadi tone la mwisho. Injini nyingi za daraja hili hupokea takriban lita moja, na kipimo halisi huwa kimeandikwa kwenye kitabu na mara nyingi kwenye injini yenyewe.

Kuhusu kukaza bolti ile, nina jambo la kusema ambalo lilinigharimu. Katika mwaka wangu wa pili wa udereva nilibadilisha oili mwenyewe kwa mara ya kwanza, na kwa hofu ya kuvuja nilichomeka bomba kwenye spana ili niongeze nguvu. Bolti ni chuma, tumbo la injini ni aluminiamu, na aluminiamu ndiyo iliyokubali. Nyuzi zilikatika nusu bila mimi kujua. Siku mbili baadaye nilikuwa nimempakia mama mmoja na mtoto wake usiku katika barabara ya Iringa, kabla ya kufika Melela, bolti ikachomoka, oili yote ikamwagika, na injini ikashika, isizunguke tena. Tulikaa gizani pembeni mwa barabara kuu ya malori hadi tulipopata msaada. Injini nilikuja kuitengeneza kwa akiba yangu ya miezi mitano, lakini kilichobaki kwangu hadi leo ni yule mama akiniuliza, bila hasira, kama pikipiki ilikuwa imetengenezwa.

Nguvu inayotakiwa kwa bolti nyingi za namna hiyo huwa kati ya nyutonimita 25 na 30, nyutonimita ikiwa ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukishika spana ya kawaida sentimita 20 kutoka kwenye bolti, nyutonimita 25 ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 12 au 13, yaani chini ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Zungusha kwa vidole kwanza hadi washa, ile pete nyembamba ya bolti, iguse, kisha kaza kwa mkono mmoja, spana fupi, bila bomba na bila mguu. Ikivuja baada ya hapo, badilisha washa, usiongeze nguvu.

Baada ya kumimina, iwashe dakika mbili, izime, subiri oili ishuke, ndipo upime pikipiki ikiwa wima. Na wale wenye desturi ya kuongeza oili bila kuibadilisha, wakasema mbona kijiti kinaonyesha imejaa, wajue kwamba uchafu wa zamani umebaki wote humo ndani, umepunguzwa makali kidogo tu.

Cheni nitaieleza kwa upana pia, kwa kuwa Morogoro ina milima ya Uluguru na madereva wetu hupanda Mgeta na Matombo kwa gia ya kwanza wakiwa na mzigo, na huko cheni ndiyo inayolia. Kosa la kawaida silo kuilegeza bali kuikaza kupita kiasi, kwa imani kwamba iliyokazwa sana haichomoki. Mtu anapokaa kwenye kiti, na zaidi wanapokaa wawili, mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika tairi la nyuma, hubadili nafasi yake na cheni hujivuta. Ikiwa haikuachiwa nafasi, nguvu hiyo huishia kwenye beringi ya shafti ya gia, na kuibadilisha hiyo ni kufungua injini nzima. Kwa pikipiki nyingi za kazi mchezo unaotakiwa ni milimita 20 hadi 30, ukipimwa katikati ya cheni ya chini, lakini zungusha tairi na upime mahali kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Pale ilipokaza zaidi ndipo unapoanzia hesabu yako. Hakikisha alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma zinalingana, la sivyo tairi litakwenda upande na sproketi italiwa meno kwa ubavu. Ukishamaliza, kagua breki ya mguu, maana kusogeza tairi kunaibadilisha. Na klipu ya kiungo cha cheni, ile yenye umbo la samaki, upande wake uliofungwa lazima uelekee kule cheni inakokwenda. Nimeona cheni tatu zilizoachia kwa sababu klipu iligeuzwa.

Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, ifute, ikauke, kisha uipake oili nzito ya gia kwa upande wa ndani, jioni, ili iwe na usiku mzima wa kupenya. Oili chafu iliyotoka kwenye injini, ambayo vijiwe vingi huipaka kwenye cheni kwa kuona ni bure, ina unga wa chuma na masizi ndani yake. Ikiwa unaweza kuivuta cheni nyuma ya sproketi kubwa ukaona mwanga kati yake na meno, imekwisha, na sproketi zote mbili zimekwisha pamoja nayo. Cheni mpya juu ya meno ya zamani haimalizi muda wake.

Chujio la hewa. Hapa nitakuwa mkali. Wapo wanaolitoa kabisa, au wanaotoboa kasha lake, ili pikipiki ivute vizuri. Inayovuta pamoja na hewa ni vumbi la barabara, na vumbi ni mchanga uliosagwa. Kwa silinda ni msasa. Moshi wa buluu mnaouona kwa pikipiki za mwaka mmoja unaanzia humo mara nyingi kuliko mnavyodhani. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kivulini, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa libadilishwe. Katika kiangazi, kwa njia za vumbi, litazame kila wiki.

Mengine yanaelezeka haraka. Plagi ikaguliwe rangi: kahawia iliyofifia ni afya, masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo, unyevunyevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Mkono wa klachi uachiwe mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, maana waya uliokazwa unaiweka klachi nusu wazi siku nzima na kuiunguza. Upepo wa matairi upimwe kwa geji asubuhi tairi likiwa baridi, na la nyuma liwe na zaidi kwa ajili ya abiria. Kulipiga teke hakupimi kitu. Katika breki za ngoma, tazama mshale mdogo kwenye kifuniko: ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama ya mwisho, shuu zimekwisha hata kama bado zinashika. Ukifungua ngoma usipulize vumbi lake kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu vumbi la shuu si la kuingia mapafuni.

Mpaka wangu unapita kwenye valvu. Mtu akinifuata, akakaa nami mara tatu nne, akanunua fila geji, yaani vibamba vya kupimia nafasi nyembamba, nitamfundisha kupima valvu za CG, ambazo nafasi yake ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa. Lakini sitamwambia dereva ajaribu peke yake. Sababu ni kwamba sikio hudanganya. Valvu inayogonga ina nafasi kubwa mno. Inakera, inapunguza nguvu, lakini bado inafunga. Valvu iliyonyamaza inaweza kuwa haina nafasi kabisa, haikai vizuri mahali pake, na ile ya ekzosi inaungua kidogo kidogo kwa moto unaopenya. Dereva anayekaza hadi sauti iishe huondoka ameridhika na injini inayoungua. Vivyo hivyo kwa kufungua klachi, kutoa silinda, kugusa shokapu za mbele kwa ndani, na breki ya diski kwa wenye nayo, ambayo maji yake hunyonya unyevu wa hewa na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kazi hizo ukikosea hazikuachi pembeni mwa barabara tu. Zinakuangusha ukiwa na mtu nyuma. Mlipeni anayezijua, iwe ni wakala au fundi wa mtaani aliyepita chuo cha ufundi cha VETA au aliyefundishwa na mikono mizuri, na mkae hapo mkitazama anachokifanya.

Nawageukia wamiliki. Katika mikataba yetu mingi dereva hulipa hesabu kwa wiki hadi pikipiki iwe yake, na sevisi huachwa bila kuandikwa ni ya nani. Dereva anasema injini ni ya bosi, bosi anasema anayeitumia ndiye aitunze, na oili inabaki nyeusi katikati ya hoja hizo mbili. Naomba muandike. Andikeni oili hubadilishwa kila baada ya kilomita ngapi, nani anainunua, nani anaibadilisha, na kwamba dereva hadaiwi hesabu ya saa alizokuwa kwenye sevisi iliyokubaliwa. Kisha kuwe na daftari ndani ya kasha la zana: tarehe, kilomita, kilichofanywa, jina la oili. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao walisema hivyo kabla pikipiki hazijafika. Mimi ninapoletewa chombo chenye daftari naanza kazi nikijua nilipo. Kisipokuwa nalo naanza kwa kukisia, na mwenye chombo analipia kukisia kwangu. Siku ya kukiuza, daftari lenye mwandiko wa dereva mmoja kwa miaka miwili litamshawishi mnunuzi kuliko rangi mpya.

Lipo jambo la mwisho linalowahusu wote wanaofanya sevisi wenyewe, na hapa wakala ametuzidi kwa sababu yeye ana pipa la kukusanyia. Oili chafu inakwenda wapi? Nimeona ikimwagwa kwenye mifereji ya Kihonda na kwenye kingo za mito yetu. Maji yanayotiririka hapa huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua maji kwa namna hiyo, lakini hata isingekataza, wapo ndugu zetu kule chini. Kijiwe kiwe na dumu moja la lita 20 lenye mfuniko, na likijaa lipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Kibandani kwangu napokea bila malipo kutoka kijiwe chochote.

Vifaa vya kuanzia ni vichache, na kijiwe cha watu kumi kinaweza kuvinunua kwa kuchangishana: seti ya spana kuanzia namba 8 hadi 19, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, geji ya upepo, beseni, faneli, brashi na kopo la grisi. Asivitunze mtu mmoja nyumbani. Vikae kijiweni na mwenye ufunguo ajulikane.

Ndugu mwenyekiti, nimeona heri nisimalizie kwa maneno. Pale nje, chini ya mwembe, kuna Boxer iko kwenye stendi kubwa, na kijana wangu ameiwasha dakika chache zilizopita, kwa hiyo oili yake sasa ni ya moto wa kutosha. Naomba watu wawili ambao hawajawahi kufungua bolti ya oili maishani mwao watangulie mbele, na wengine tuwazunguke. Spana ni hizi hapa. Bomba la kuongezea nguvu nimeliacha nyumbani.